Viatu vya Mama Ndani ya Nyumba Yangu

Ardhi ilitikisika tukiwa mezani. Vikombe viligongana kabatini, na mama akawa wa kwanza kufika mlangoni, maana viatu alikuwa navyo miguuni.

Tangu nyumba yetu ya Bukoba ilipoangushwa na tetemeko, mama havui viatu ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Wenye nyumba humnunia, yeye hajali. Hata hapa kwangu Buswelu, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, na mimi ni fundi, alipita na viatu juu ya zulia jipya. Iliniuma.

Mtikisiko ukakoma. Mama hakutoka nje. Alisimama akiitazama kona ya ukuta karibu na mlango, kwa sababu nyumba ya Bukoba ilianza kupasuka mahali kama hapo.

"Hiki kilichotokeza juu ya madirisha ni nini?"

"Mkanda wa zege, mama. Umezunguka nyumba nzima, na ndani yake kuna nondo. Kwenye kona nimezikunja zikashikana, ili kuta zikitikisika zitikisike pamoja, zisiachane."

"Ulizikunja wewe?"

"Kwa mikono yangu."

Alipitisha kiganja kwenye kona, taratibu, kutoka juu hadi chini, akitafuta ufa. Kisha akakigeuza kiganja na kukitazama. Hakikuwa na vumbi.

"Adventina," akaniita, "hebu sogea hapa."

Nikasogea. Akaniegemea begani, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.