Mbetula wa Willibert

Willibert Esser alikuwa anauogesha mti wake kwa sponji na maji ya uvuguvugu, na jirani yake, Resi Küpper, alikuwa amesimama upande wa pili wa ua akimtazama.

"Usisahau nyuma ya masikio," Resi alimwambia.

Willibert aliichovya sponji tena ndooni. Hakuwa msemaji, na tangu astaafu kazi ya posta hata yale maneno machache aliyokuwa nayo aliyatumia kwa kubana. Alisugua mpaka gome likawa jeupe pee.

Mti wenyewe ulikuwa mbetula, ile aina inayopandwa kwa ajili ya urembo tu. Aliupanda ukiwa haufiki gotini, vuli ileile Resi alipomzika mumewe. Sasa shina lilikuwa nene kama mkono na kilele kimelifikia paa. Mizizi ya mbetula hukaa juujuu na hukauka upesi, kwa hiyo kila kiangazi Willibert aliubebea maji asubuhi na jioni. Hakupata kuupogoa wakati wa machipuko, maana mbetula ukikatwa wakati huo hutiririsha maji kama bomba bovu. Mtaa mzima ulisema angekuwa na mke, mke angeuonea mti ule wivu.

"Nazoa majani yako, napiga chafya kwa chavua yako, keki yangu naila na mbegu zako," Resi alisema. "Mti wako, taka zangu. Ujirani gani huu? Siku utakapoanguka nitacheza ngoma."

"Nitakuja kufagia."

"Najua utakuja. Huwa unakuja. Ndiyo maana nashindwa hata kukushtaki."

Ilikuwa siku ya mwisho ya Aprili, na kwetu huku kando ya mto Rhine mwenye mbetula siku hiyo hana raha. Usiku wa kuamkia Mei Mosi vijana hukata mibetula, huivisha tepe za karatasi za rangi, halafu kila mmoja huenda kuufunga wake penye nyumba ya msichana anayempenda. Msichana akifungua mlango asubuhi anaelewa, hakuna haja ya maneno. Kijana mwenye adabu huununua mti kwa bwana misitu. Bahili na mchelewaji huingia kwenye bustani za watu na msumeno. Mwaka uliopita mbetula wa mwalimu mkuu uliondoka hivyohivyo, kikabaki kisiki.

Mchana huo alikuja Torben, mtoto wa mwoka mikate, kofia mkononi.

"Mzee Willibert, niuzie huo mti. Nakupa kreti ya bia. Basi, mbili!"

"Hauuzwi."

"Lakini mzee, mti si mti tu?"

"Huo una mwenyewe," Willibert alisema, akafunga geti.

Torben alimgeukia Resi. "Huyu anataka azikwe nao." Resi akacheka, ila aliona jinsi kijana alivyoupima ua kwa macho kabla ya kuondoka, na kicheko kikamkauka.

"Jirani, yule atarudi na msumeno."

"Hatarudi."

"Mwizi wa mti hatoki mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unawajua vijana?"

"Niliwahi kuwa mmoja wao."

"Lini? Mbona hatukutaarifiwa?"

Jioni Resi alimkuta Willibert kwenye baraza yake ananoa msumeno.

"We Willibert! Si ulisema mbetula haukatwi majira haya?"

"Haukatwi."

"Basi huo wa nini?"

Willibert alishtuka kama mtu aliyefumaniwa na mkono kwenye chungu. "Wezi," alisema hatimaye.

"Utawakata watoto wa watu miguu?" Resi aliangua kicheko, kisha akampitishia juu ya ua chupa ya kahawa na kipande cha keki. "Haya, linda. Ukisinzia, umeupoteza." Akajipangusa makombo mikononi. "Mimi nausema tu huo mti. Ukiondoka, nitakuwa nasema nini na wewe?"

Willibert aliiva uso mpaka masikioni. Akapokea kahawa, akashukuru, akaketi kwenye kiti chake chini ya mti.

Resi alilala usingizi wa pono. Asubuhi alifungua pazia la jikoni, akaona anga tupu pale palipokuwa na mti.

Kilibaki kisiki kibichi kinachotoa maji. Kiti kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Willibert hakuonekana.

"Jamani, wameuchukua," alisema, na mwanamke aliyeahidi kucheza ngoma akalia kwa sauti kama mtoto. Alimwonea huruma mzee wa watu na sponji yake. Alimwona akilini amejifungia ndani, hana hata wa kumwambia pole. Kisha hasira zikampanda. Kwanza angekwenda kumfariji jirani yake, halafu angekwenda kwa mwoka mikate kumvuta Torben masikio mbele ya wateja.

Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akavaa ndara, akauvuta mlango wa mbele kwa nguvu zake zote.

Tepe za karatasi, nyekundu na za manjano, zikampiga usoni. Mbetula ulikuwa umefungwa kwenye bomba lake la maji ya mvua, gome jeupe linang'aa kwenye jua. Kando yake alisimama Willibert, amevaa suti, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kwenye moyo wa mbao ulioning'inia katikati ya tepe alikuwa amechonga jina moja: Resi.