Fuko na Gamba la Nyoka

Fuko alikuta gamba la nyoka mlangoni kwake, akaanza kuchimba kama aliyepagawa. Alimpita jirani yake Jongoo, asiyejua haraka, bila hata salamu.

"Jirani, wakimbilia wapi?" akauliza Jongoo.

"Sikimbilii popote! Namkimbia nyoka!"

"Lile ni gamba tu. Mwenyewe kalivua, kahama."

Fuko hakusikia, moyo ulikuwa ukimdunda hadi masikioni. Alichimba siku tatu bila kula, kucha zikitoka damu, mpaka udongo ukabomoka mbele yake, akaangukia kwenye shimo pana, tulivu.

"Nimepona!" akahema.

Kitu laini kikamzunguka kiunoni, taratibu.

"Karibu," Nyoka akasema. "Mimi mwenyewe nimehamia juzijuzi tu. Nani kakuelekeza hapa?"