Njiti Tumboni mwa Kifaru

Posa ilikuwa ijibiwe siku hiyo, na Twaiba alikuwa na jibu zuri mdomoni. Lakini mchumba wa bintiye, anayejiita fundi, alikuwa amekipindua kifaru cha vita cha kuchezea, cha rimoti, pale barazani. Springi za magurudumu zilikuwa zimelegea, tumbo likiburuzika chini.

"Si utie springi mpya?" Twaiba aliuliza.

"Za nini, mama? Mteja wa kule ufukweni Galu anakuja kukichukua leo."

Akavunja njiti za kibiriti, akazishindilia kando ya kila springi. Kifaru kikasimama kifua mbele.

"Umeona? Kama kimetoka dukani!"

"Kikiingia mchangani je?"

"Kikishafika mikononi mwake, mzigo wake huo." Akacheka, akamkonyeza binti aliyesimama mlangoni na birika la kahawa.

Twaiba alizitazama zile njiti. Moja ilikuwa imeshapinda.

"Fundi mzima," alisema, "beba kifaru chako, baba. Na lile sanduku la posa mlilolileta, limo chumbani, usilisahau."

Akageuka amwambie bintiye arudishe kahawa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kutoka chumbani alisikia sanduku likiburutwa kuja barazani.