Ng'ombe Aliyezuia Maziwa

Zamani wanyama walipokuwa wakielewa maneno ya watu, daktari wa mifugo alimdunga Ng'ombe sindano, akamwonya bwana mwenye ng'ombe: "Maziwa yake yasinywewe mpaka dawa imtoke." Daktari alipoondoka tu, bwana akaleta kibuyu.

Ng'ombe, aliyekuwa amefiwa na ndama wake, alimhurumia mtoto wa bwana, akazuia maziwa.

"Dada, achia," alisema Mbuzi mwoga. "Asiyekamulika huchinjwa."

"Na mtoto akidhurika? Uchungu wa mwana naujua."

Bwana alikamua asipate hata tone, akanoa kisu. Ng'ombe akafa akimshukuru Mungu kwamba mtoto ameokoka.

Jioni Mbuzi alimwona mtoto akilishwa ini la Ng'ombe, lenye dawa ile ile. Akalia sana. Bwana akadhani ana njaa, akamtupia majani.