Windows ya Mama, Linux ya Nasra

Nasra aliigawa diski ya kompyuta ya mama yake, Bi Rehani, mchoraji wa kanga. Upande mmoja ilibaki Windows yenye michoro yote ya mama. Upande wa pili akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ajifunzie kuunda programu. Sasa akaiwasha kompyuta upya.

"Michoro yangu ikipotea je, mwanangu?"

"Haipotei, mama," alijibu Nasra.

Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea majina mawili. Nasra akachagua Windows kwanza. Maua ya mikorosho aliyoyachora mama yakatanda kioo kizima, hata moja halikukosekana. Nasra akacheka kwa furaha.

Bi Rehani akavuta kiti karibu. "Haya, tuone na hiyo yako."

Nasra akaiwasha kompyuta upya, majina yakarudi. Safari hii kidole cha mama kikatangulia kwenye kitufe.