Kikapu cha Simu

Zuleha alifika kwa kina bibi harusi akatia simu yake kwenye kikapu cha mlangoni, kama kila mwanamke aliyeingia ngomani. Jana aliificha ndani ya kanga, akamrekodi shoga yake Mwanaisha, bibi harusi mwenyewe, akicheza kichwa wazi. Video aliwatumia marafiki wawili tu. Asubuhi aliikuta video hiyo buchani, kwenye simu ya muuza nyama.

Bi Mishi, somo aliyemfunda bibi harusi, akaitoa simu kikapuni. "Ingia nayo, mwanangu. Kimebaki nini cha kuficha?"

"Nimeshaifuta ile video, Bi Mishi."

"Umeifuta kwako."

Zuleha akaingia, macho chini. Ngoma ilikuwa inalia, wanawake peke yao, joto tele. Katikati yao Mwanaisha alikuwa amekaa na baibui lake, uso ameufunika.