Vifaranga wa Upande wa Kushoto

Kompyuta ya Tunu ilikuwa na prosesa mbili za kuchimba sarafu za mtandaoni, lakini kasi yake ilipanda na kushuka ovyo.

"Mama Kheri, mnunuzi wa vyuma chakavu yuko njiani," mumewe alimwambia Tunu. "Imezeeka mashine hiyo."

"Hata wewe umezeeka. Nani amekuuza?"

Tunu akainama kwa uchovu kuwalisha vifaranga waliokaa nyuma ya mashine wapate joto. Wote walikuwa wamebanana kushoto. Akapapasa upande wa kulia wa mashine: baridi.

Akaizima, akaifungua. Vijiti vyote vya kumbukumbu (RAM) vilikuwa vimechomekwa kushoto. Prosesa ya kulia ilikuwa ikiomba kumbukumbu kwa jirani na kungoja tu, ndiyo maana ilikuwa baridi. Akavigawa sawasawa, akaiwasha, akaketi sakafuni.

Mlangoni, mnunuzi akabisha hodi. Kifaranga mmoja akajitoa kundini, akasogea kulia, akasimama.